Mgonjwa Aliyerudishwa Nyumbani

Mtaa wetu wa Rwambuzi hapa Bunia huamka mapema. Kabla jua halijachomoza utasikia wanawake wakifagia ua, madumu ya maji yakigongana, vijana wakiwasha pikipiki zao, na watoto wakitafuta kiatu cha pili. Mimi hupita njia ile ile kila siku kwenda shuleni, na kama ilivyo desturi ya walimu, najua katika kila ua ni mtoto gani atakayechelewa. Katika ua mmoja niliona jambo ambalo sikulielewa kwa muda wa miezi mitatu, na kwa kutolielewa kwangu nusura mtu afe. Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza leo.

Alikuwa mama wa umri kama wangu. Jina lake si la kuandikwa gazetini. Kabila lake pia silitaji, nami namwomba msomaji asiliulize, maana katika Ituri yetu swali hilo limekwisha kutugharimu mno. Yatosha kujua ya kwamba alitoka upande wa Djugu mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati vijiji vilipochomwa moto na watu wakamiminika Bunia kwa maelfu, wengine wakalala chini ya mahema karibu na Hospitali Kuu. Yeye alikuwa na bahati kidogo, kwa kuwa kaka yake, seremala, ana nyumba Rwambuzi. Alifika na mtoto mmoja. Alikuwa ameondoka kwake na watatu, pamoja na mume wake.

Miaka ya kwanza alijikaza. Aliuza ndizi, alifua nguo za watu, alimpeleka yule mtoto aliyebaki shuleni kwetu. Majirani walimsifu wakisema, "Mama huyu ana moyo." Mtu angedhani ugonjwa ungemjia mara baada ya msiba. Haukuja hivyo. Ulikuja miaka minne baadaye, Februari 2022, zilipofika habari za Plaine Savo, kambi iliyoshambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 2, wakauawa watu wapatao 60 ambao walikuwa wamekwisha kukimbia vita mara moja. Mama huyu hakuwa na ndugu pale. Lakini tangu siku ile aliposikia, hakuwa mtu yule tuliyemjua.

Kwanza usingizi ulimkimbia. Wifi yake alimsikia usiku wa manane akitembea ndani, akijaribu komeo la mlango, akirudi, akilijaribu tena. Mchana dumu likianguka, au fundi akigonga bati kwa jirani, alijitupa chini kabla hajajua ni nini. Baadaye aliacha biashara yake ya ndizi. Sombe iliungua jikoni naye ameketi karibu nayo. Mwishowe akawa anakaa siku nzima uso ukielekea ukutani, haitikii salamu, hali mpaka ashurutishwe, na mtoto akimlilia alimfokea kwa sauti iliyomtisha hata yeye mwenyewe.

Mtaani kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa huo. Wengine walisema amerogwa na shemeji zake kwa ajili ya shamba. Wengine walisema ni pepo. Wengi walisema tu kwamba "ana mawazo", neno tunalolitumia hapa kwa kila huzuni, nasi tukiisha kulisema twapita, kana kwamba kuutaja ugonjwa ndiko kuutibu. Kaka yake aliuza mbuzi wawili akamlipa mganga wa kienyeji, na mama akafungwa hirizi mkononi. Haikufaa kitu. Kisha akapelekwa katika chumba cha maombi, akafungishwa siku saba. Simlaumu anayeomba, mimi mwenyewe naomba kila siku. Lakini mtu aliyekwisha kukonda kwa kutokula, kumfungisha siku saba ni kumwongezea maradhi.

Na mimi je? Mimi nami nilitenda kosa langu. Nilikwenda kumwona, nikaketi kwenye kigoda mbele yake, nikasema kama mtu aliyesoma: "Dada, yaliyopita yamepita. Jitahidi usahau. Una mtoto wa kulea, huna budi kujikaza." Hakukasirika. Alinitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, nimejikaza miaka minne." Nikarudi kwangu nikiamini nimetimiza wajibu. Seminarini nilifundishwa mengi juu ya roho ya mwanadamu na machache sana juu ya usingizi wake.

Wiki mbili baadaye, wakati wa mapumziko, mwanawe, aliyekuwa darasa la tano, alibaki darasani wenzake walipotoka kucheza. Nilimwuliza ana nini. Akasema, "Mwalimu, mama amenipa vitenge vyake vyote. Amesema nivitunze mpaka nitakapooa. Amenionyesha na mahali zilipo karatasi zangu."

Nilisimama na chaki mkononi. Mtu mzima, asiye na safari, agawaye vitu vyake vyote na kumwonyesha mtoto zilipo karatasi, ana safari moja tu anayoifikiri. Nikamwachia mwenzangu darasa, nikaenda mbio mpaka kwenye karakana ya yule seremala. Naye, Mungu ambariki, hakubishana. Alifunga karakana, tukaenda nyumbani, na mchana ule ule tukamsindikiza dada yake mpaka kituo cha afya.

KATIKA CHUMBA CHA NYUMA

Kituo tulichokiendea ni cha kawaida tu: benchi za mbao, watoto wenye malaria wakilia, wajawazito wakingojea kupimwa uzito. Sikujua ya kuwa muuguzi mmoja mwanamke, siku kadhaa za wiki, huketi katika chumba cha nyuma kwa ajili ya watu wenye maradhi ya nafsi. Mle ndani hamna kitanda. Mna meza, viti vitatu, daftari, na kabati la dawa lenye kufuli. Jambo hili si la Bunia peke yake. Waganga waliosomea maradhi ya akili ni wachache mno katika nchi zetu, na kwa sababu hiyo mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa kawaida namna ya kuyatambua na kuyatibu maradhi hayo, pamoja na kifafa, katika vituo vya karibu na watu.

Yaliyosemwa mle nayaandika kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Nilipomwomba alisema, "Andika, labda mwingine atafika upesi kuliko mimi."

Muuguzi hakuanza na vita. Alimwuliza analala saa ngapi, anakula nini, kichwa kinamwuma wapi, moyo unamwenda mbio wakati gani. Alisikiliza kila jibu mpaka mwisho, na mahali palipokuwa na kimya alikiacha kimya kikae. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kuulizia usingizi: "Mama, watu waliopatwa na mambo kama haya mara nyingi huona heri wafe. Je, wewe umefikiri kujiua?"

Kaka yake alitaka kuinuka kitini. Mimi nami nilishtuka. Wengi wetu tunaliogopa swali hilo, tukidhani kwamba kumwuliza mtu juu ya kujiua ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili mara nyingi, wakaona kuwa kumwuliza mtu waziwazi, kwa upole, hakumtii wazo hilo. Walio wengi huona wamepunguziwa mzigo waliokuwa wakiuchukua peke yao. Mama yule alijibu, "Ndiyo." Kisha akalia. Kaka yake aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemwona akilia tangu siku alipofika kutoka Djugu.

Muuguzi alimweleza maneno ambayo tangu hapo nimeyarudia kwa watu wengi. "Mwili wako," alisema, "una mlinzi wa usiku. Zamani alilala kidogo kama walinzi wote. Siku ile mbaya wezi waliingia akiwa amelala, na tangu hapo ameapa hatafumba macho tena. Sasa mbuzi akipita anapiga yowe. Jani likianguka anapiga yowe. Si mwendawazimu mlinzi huyu. Anakupenda, lakini amechoka naye amekuchosha. Kazi yetu ni kumfundisha kutofautisha mwizi na mbuzi." Hiki ndicho wataalamu wanachokiita kiwewe. Juu ya kiwewe alikuwa na ugonjwa wa pili, sonona, yaani huzuni iliyokwisha kushika mwili, ikala nguvu, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi.

Msomaji asidhani kwamba ni ajabu iliyompata mtu mmoja. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu yao: katika nchi zilizopatwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa fulani wa nafsi, ama mdogo ama mkubwa. Hesabu hiyo ni ya nchi zote kwa jumla, si ya mtaa wetu. Lakini wewe uliye Bunia, anza kuhesabu nyumba za jirani zako. Mimi nilikuwa mtoto hapa Mei 2003, siku zile za mapigano ya kugombea mji, na mpaka leo fundi akipiga misumari kwenye bati huwa naacha kusema katikati ya sentensi. Wanafunzi wangu wanadhani ninatafuta neno.

"MBONA HAWAKUMLAZA?"

Jioni ile tulirudi Rwambuzi sote watatu, mama na pakiti ndogo ya vidonge. Kaka yake alikuwa amekasirika. "Mwalimu," aliniambia pembeni, "mtu aliyesema wazi kwamba anataka kufa, mbona hawakumlaza? Wametupa vidonge na kuturudisha kama watu wa kikohozi!"

Malalamiko yake yalikuwa na haki, na jibu lake ndilo kiini cha habari hii. Muuguzi hakuturudisha hivi hivi tu. Alikuwa amemwuliza kaka, mbele ya dada yake, maswali ambayo yeye aliyadharau kwa kuwa hayakuhusu dawa: Kwenu kuna watu wazima wangapi? Je, kuna mtu atakayekuwa naye mchana na usiku wiki hii, asiachwe peke yake? Vitu vyote ambavyo mtu aweza kujidhuru navyo, mtaviondoa leo hii? Nani atakayeshika vidonge na kumpa kimoja kimoja, asipewe pakiti nzima? Mtamrudisha baada ya siku tatu? Kaka aliitikia kila swali. Lau angejibu hapana, au lau mama angekuwa amepotewa na akili, au amekataa hata maji, muuguzi angempeleka hospitali usiku ule ule. Maana wako wagonjwa wasioweza kutibiwa nyumbani, na anayewazuia huko kwa kuona haya anawatendea ubaya.

Lakini kwa walio wengi, kurudi nyumbani jioni si dalili ya kupuuzwa. Ni sehemu ya tiba yenyewe. Zamani katika Afrika yetu kutibiwa akili kulikuwa kupelekwa mbali. Watu walipelekwa Lutindi, juu katika milima ya Usambara, tangu mwaka 1904. Walipelekwa Mathari ya Nairobi tangu 1910. Baadaye Mirembe ya Dodoma. Wengi walipona huko. Lakini mgonjwa aliyekaa miaka mbali na kwao hata akipona alirudi mgeni: mke ameolewa, shamba limegawanywa, watoto hawamjui.

Mtu aliyeligeuza jambo hili alikuwa Mwafrika. Daktari Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta katika Nigeria, alisomea Uingereza, na mwaka 1954 alianza kazi yake katika hospitali ya Aro, karibu na mji ule ule aliozaliwa. Alipatana na wenyeji wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake, mama au kaka au shangazi, wa kumpikia na kumsindikiza. Mchana walikwenda hospitali kutibiwa. Jioni walirudi kijijini kula na kulala kama watu wengine. Wageni kutoka nchi nyingi walikwenda Aro kujifunza. Hata Ulaya kuna mji wa Geel, katika Ubelgiji, ambao wenyeji wake kwa mamia ya miaka wamekuwa wakiwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao, tangu mahujaji walipoanza kuwaleta kwenye kaburi la Mtakatifu Dimfna. Lakini Lambo hakuwa na haja ya kuwatafuta wenyeji wa kumpokea mgonjwa peke yake. Alijua kwamba kwetu mgonjwa haji peke yake.

SIKU SITA ZA NYUMBANI

Fanya hesabu pamoja nami. Mgonjwa anayekwenda kituoni mara moja kwa wiki hukaa na muuguzi muda wa saa moja. Wiki ina saa 168. Saa 167 zilizobaki ni za watu wa nyumbani kwake, na hao hawakufundishwa.

Wifi yake ndiye aliyejifunza upesi kuliko sote, naye hakumaliza hata shule ya msingi. Alilala chumba kimoja na mgonjwa. Aliacha kumwambia "jikaze" na "sahau", na badala yake, mama akishtuka usiku, alimwita kwa jina na kumwambia mahali alipo: "Uko Rwambuzi. Uko kwa kaka yako. Mlango umefungwa. Huyu anayekohoa ni mtoto wako." Hakumlazimisha kusimulia yaliyotokea Djugu. Alipoanza kusimulia mwenyewe hakumkatiza, wala hakumjibu kwa msiba wa mtu mwingine uliokuwa mkubwa zaidi, kama tulivyo na mazoea ya kufanya matangani. Asubuhi alimpa kazi ndogo: kuchambua maharage, nusu bakuli tu. Kesho yake nusu bakuli tena. Mtu mwenye sonona ukimngojea apate hamu ndipo afanye kazi, utangoja sana. Hamu huja nyuma ya kazi, nayo kazi iwe ndogo ya kumalizika.

Sasa yafaa niseme juu ya vidonge, maana hapa ndipo familia nyingi huanguka. Dawa za sonona si kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki mbili, tatu, hata nne kabla ya mgonjwa kuona nafuu. Lakini matata yake huja mapema: kinywa kukauka, usingizi mzito, kizunguzungu akiinuka ghafula, ama tumbo kuchafuka, kwa kadiri ya aina ya dawa. Basi siku ya tano mgonjwa ana huzuni ile ile, na juu yake kinywa kikavu. Watu wa nyumbani husema, "Dawa hii inamwua," wakaitupa. Ndivyo kaka alivyotaka kufanya. Aliyemzuia ni mkewe, akisema muuguzi alikuwa amewaonya juu ya siku hiyo hiyo. Kosa la pili huja mgonjwa akiisha kupata nafuu: aona amepona, aacha dawa ghafula, na ugonjwa warudi. Mara nyingi dawa huendelea miezi sita au zaidi baada ya nafuu, na huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo, kwa shauri la aliyeitoa.

Mambo hayakwenda vizuri daima. Mwezi wa pili milio ya risasi ilisikika usiku upande wa nje ya mji, na mama akarudi nyuma kana kwamba hakupata kutibiwa. Siku tatu hakutoka chumbani. Mara nyingine dawa zilikwisha kituoni, na kaka hakuwa na fedha za kununua kwenye maduka ya dawa, kwa kuwa mbuzi walikuwa wamekwisha kuliwa na yule mganga wa hirizi. Tulichanga, walimu wanne. Nasema hivi si kwa kujisifu, bali ili msomaji ajue kwamba tiba ya namna hii haiishi kwa ushauri mtupu. Kuna nauli, kuna vidonge, kuna siku ya kazi inayopotea kwa kumsindikiza mgonjwa, na aliye maskini hulipa yote hayo kwa wakati mmoja.

CHINI YA MWEMBE

Mwezi wa tatu muuguzi alimwalika aingie katika kundi la wanawake wanane wanaokutana mara moja kwa wiki chini ya mwembe ulio nyuma ya kituo. Alikataa mara mbili. Alikuwa amesikia ya kuwa katika kundi lile wamo wanawake wa upande wa pili, wale ambao vijana wao, kwa fikira zake, ndio waliomchomea nyumba. Mara ya tatu alikwenda, akaketi mwisho wa mkeka. Wiki mbili hakusema neno. Wiki ya tatu mwanamke mmoja, wa upande ule, alieleza namna anavyojaribu komeo la mlango wake mara kumi kila usiku. Mama yetu akasema, "Mimi mara kumi na tano." Wakacheka. Muuguzi aliniambia kwamba kicheko kile kilikuwa dawa kubwa kuliko zote zilizomo kabatini.

Labda msomaji mwenye akili ya kupima atauliza kama maneno chini ya mwembe yaweza kweli kuponya. Sikiliza. Katika vijiji vya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, si mbali na sisi, kulifanywa uchunguzi kwa wanawake waliotendewa jeuri vitani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2013 katika jarida kubwa la madaktari la Marekani. Wanawake wa vijiji fulani walipewa msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Wa vijiji vingine waliwekwa katika makundi, wakafundishwa kwa wiki kadhaa namna ya kuyachungua mawazo yanayowatesa, kama lile la kusema "kosa lilikuwa langu". Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kongo wenye masomo ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa vema. Miezi sita baada ya kumaliza, kati ya waliosikilizwa mmoja mmoja 42 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi; kati ya wale wa makundi walikuwa 9 tu. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2003, uchunguzi mwingine kusini mwa Uganda ulionyesha kwamba makundi huiondoa sonona kwa wanaume kadhalika. Jambo hili la wanaume nalitaja makusudi, maana katika Bunia nzima mwanaume huona afadhali anywe pombe kali miaka kumi kuliko kuketi nusu saa na kusema "naogopa".

Kwa wanawake waliotendewa jeuri, mji wetu una sababu ya kujivuna kidogo. Shirika la SOFEPADI lilianzishwa hapa Bunia mwaka 2000 na wanawake wenyewe, katikati ya vita, na katika waanzilishi wake alikuwamo Julienne Lusenge, ambaye mwaka 2023 alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Shirika hilo lilifungua kituo cha Karibuni wa Mama, ambamo mwanamke hutibiwa mwili, husikilizwa, tena husaidiwa mbele ya sheria. Jina lenyewe latosha kueleza namna anavyopokewa.

Kwa walio wagonjwa sana njia ni ngumu zaidi. Shirika la Mabruda wa Upendo, lililoanza Ubelgiji mwaka 1807, liliweka vituo vya tiba ya akili Bukavu, kile kiitwacho Sosame, na Goma, kile cha Tulizo Letu. Ni mbali na Ituri, na barabara zetu mnazijua. Nimeona familia iliyomfunga kijana wao kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, si kwa ukatili bali kwa kukosa la kufanya, mama yake akimlisha kwa kijiko na kulia. Sitawahukumu. Lakini nawaambia walio katika hali hiyo: nendeni kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mwulize muuguzi, maana katika hao wanaofungwa kamba wamo wengi ambao kidonge kimoja cha kila siku au sindano moja ya kila mwezi ingewatuliza.

Turudi kwenye ua wa seremala. Mama hakusahau lolote. Majina ya watoto wawili aliowapoteza ameyaandika katika daftari la yule aliyebaki, ukurasa wa kwanza, kwa mkono wake. Bado hujaribu komeo la mlango, mara mbili, mara tatu. Ameanza tena kuuza ndizi, na wiki iliyopita alinidai deni la mwezi uliopita mbele ya walimu wenzangu wote. Vile vitenge alivitaka virudishwe. Kijana alivileta vyote isipokuwa kimoja cha buluu, ambacho mke wa mjomba wake alikuwa amekwisha kushona gauni, na juu ya gauni hilo mawifi hao wawili waligombana siku nzima, mlango wazi, mtaa mzima ukisikiliza.

Alhamisi anarudi kituoni. Mwanawe ndiye atakayemsindikiza, nami nimekwisha kumpa ruhusa ya kukosa somo la hesabu.